Unywele Hausahau Kwao: Historia ya Upandikizaji wa Nywele

Upandikizaji wa nywele ni upasuaji wa kuchukua nywele zilizo hai pamoja na mashina yake, kutoka sehemu ya mwili ambako zimejaa, na kuzipanda sehemu nyingine ya mtu yuleyule ambako zimetoweka. Neno lenyewe limetoka shambani. Mkulima wa mpunga wa Doho, magharibi ya Tororo, huotesha mbegu kitaluni, kisha hung'oa miche na kuipandikiza jarubani. Daktari hufanya kazi ya namna hiyohiyo. Kitalu chake ni kisogo, jaruba lake ni utosi, mapanja au nyusi, na tope linaloandamana na mche ni ule utando mwembamba wa ngozi na mafuta unaolizunguka shina la unywele. Shina likikatwa njiani, kilichopandwa ni jani lisilo na mzizi.

Siku hizi upasuaji huu hujulikana zaidi kama tiba ya upara kwa wanaume wenye fedha, na ndivyo unavyotangazwa. Chimbuko lake, hata hivyo, si upara. Waliouhitaji kwanza ni watu walioungua kichwani na watu walionyang'anywa nyusi na ukoma. Ndiyo maana historia yake inaugusa mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia na Tororo, kwani hapo ndipo utafiti wa ukoma wa Afrika Mashariki ulipojengewa makao yake.

Jaribio la mwanzo linalokumbukwa lilifanyika Würzburg, Ujerumani. Mwaka 1822 Johann Friedrich Dieffenbach aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu kuota upya na kupandikizwa kwa sehemu za mwili, na mwili wa kujaribia ulikuwa wake mwenyewe. Alitoboa ngozi ya mkono wake kwa sindano, akachomeka nywele kwenye vitundu hivyo. Baadhi zilishika, nyingine zikanyauka. Baadaye Dieffenbach alikuja kuwa bingwa mkubwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbo huko Berlin, lakini wazo lake la nywele halikupata mrithi kwa zaidi ya miaka 100. Dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu ilianza kutumika hadharani mwaka 1846 tu, na usafi wa mikono na vyombo vya daktari ulichukua miongo mingine kukubalika. Katika hali kama hiyo nani angethubutu kutoboa kichwa cha mtu mara mia kwa ajili ya nywele?

Kazi kamili ilianzia Japani. Mwaka 1939 daktari wa ngozi aitwaye Shoji Okuda alichapisha maelezo ya njia aliyoitumia kwa wagonjwa wapatao 200. Alikuwa na kijibomba cha chuma chenye ncha kali na kipenyo cha milimita 2 hadi 4. Kwa kijibomba hicho alikata vipande vya mviringo kwenye ngozi yenye nywele, akatoboa matundu ya kiasi hichohicho kwenye kovu lisilo na nywele, kisha akavipachika vipande hivyo matunduni. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa na makovu ya moto na majeraha. Mwaka 1943 Mjapani mwenzake, Hajime Tamura, alionyesha kwamba kipande kikiwa kidogo sana, cha unywele mmoja tu, matokeo hufanana zaidi na maumbile. Alichokisema Tamura ndicho kinachofanywa na mabingwa wa leo, ila ulimwengu ulihitaji nusu karne nzima kukirudia. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, maandishi yao yalikuwa kwa Kijapani, na madaktari wa Ulaya na Marekani hawakuyasoma.

Wa tatu katika msururu huo wa Wajapani ni Keiichi Fujita. Mwaka 1953 aliandika kuhusu kurudisha nyusi, na makala yake ilitoka katika jarida la Japani la ukoma. Jarida lenyewe linatosha kueleza wagonjwa wake walikuwa akina nani. Mwaka huohuo Japani ilipitisha upya sheria ya kuwatenga watu wenye ukoma, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1996. Kwa mtu aliyefungiwa kwa sababu ya ugonjwa wake, nyusi hazikuwa pambo. Uso usio na nyusi ulimtangaza kwa kila aliyemtazama, hata baada ya kupona.

Hapa inafaa kueleza ukoma unafanya nini, kwa kuwa bila hilo habari ya nyusi haieleweki. Kijidudu cha ukoma, alichokigundua Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo: pua, ndewe za masikio, vidole, ngozi iliyo juu ya macho. Huzaliana polepole mno, kikichukua takribani wiki 2 kujigawa mara moja, hivyo mtu anaweza kukaa miaka 5 na hata 20 baada ya kuambukizwa kabla hajaona dalili. Katika aina ya ukoma yenye vijidudu vingi, ngozi ya uso huvimba na nyusi huanza kupukutika, kwanza ncha za nje, upande wa masikio, kisha kuelekea katikati. Kope nazo huweza kwenda, na jicho lisilo na kope huingiwa na vumbi na jasho bila kizuizi. Shina la unywele likishaharibiwa kabisa, dawa huua vijidudu lakini nyusi hazirudi.

Utosi na kisogo, kwa upande mwingine, huwa na joto chini ya nywele zake, na mara nyingi hubaki salama hata kwa mgonjwa ambaye uso wake umeathirika sana. Kitalu, basi, kipo. Kilichohitajika ni mkono wa kuhamisha miche.

Mkono uliosifika zaidi katika kazi hiyo ulikuwa wa Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914 na kufanya kazi katika hospitali ya Vellore kuanzia 1946. Brand anakumbukwa hasa kwa kurudishia nguvu mikono iliyopooza kwa kuhamisha kano, kazi aliyoianza mwaka 1948. Yeye na wenzake waliona haraka kwamba mtu mwenye mkono uliotengenezwa bado alinyimwa kazi kama uso wake ungali unasema ukoma. Wakaanza kujenga pua na kurudisha nyusi. Njia moja ilikuwa kukata ukanda mwembamba wa ngozi ya kichwa, milimita chache tu kwa upana, na kuushona juu ya jicho. Ukanda mpana ungekufa katikati kabla damu haijaufikia kutoka pembeni. Njia nyingine ilikuwa kuukata ukanda huo ukiwa bado umeshikamana na ateri ya panjani, ile inayopiga mbele ya sikio, na kuupitisha chini ya ngozi mpaka mahali pa nyusi. Ukanda wa namna hii huja na damu yake, hivyo hushika vizuri zaidi na nywele zake huwa nzito.

Nywele hizo hazikugeuka kuwa nyusi. Ziliendelea kukua kama nywele za kichwani, na mwenyewe ilimbidi kuzipunguza kwa mkasi kila zinaporefuka. Unywele umehamishwa, tabia haikuhama.

Wakati Vellore ikijifunza hayo, Afrika Mashariki ilikuwa na mzigo wake wa ukoma. Huko Kumi, katika nchi ya Wateso, Dakta Wiggins, aliyekuwa mkuu wa tiba wa serikali ya Uganda kabla ya kustaafu na kurudi kama mmisionari wa CMS, shirika la kimisheni la Waanglikana, alianzisha kituo cha ukoma karibu na mwaka 1930. Kingine kilianzishwa Buluba, Busoga, na masista Wafransisko wa Mama Kevin mwaka 1934. Huko Buluba ndiko alikokuja Wanda Błeńska, daktari Mpolandi, mwaka 1951, akawatibu wagonjwa kwa miongo kadhaa na kuwafundisha wahudumu wengi wa ukoma wa Uganda. Alifariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 103. Tiba ya mwanzo katika vituo kama hivi ilikuwa sindano za mafuta ya chaulmoogra, yanayokamuliwa kutoka mbegu za mti wa Asia. Sindano hizo ziliuma sana na faida yake ilikuwa ndogo.

Upande wa Kenya, kilomita chache kutoka mji wa Busia ukielekea Malaba, pako Alupe. Katika miaka ya 1950 serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika, zikifanya kazi pamoja chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, zilikiweka hapo Kituo cha Utafiti wa Ukoma cha Afrika Mashariki. Kilipewa jina la kumbukumbu ya John Lowe, daktari aliyeonyesha huko Uzuakoli, Nigeria, kwamba vidonge vya dapsoni kwa dozi ndogo vinatibu ukoma kwa gharama nafuu. James Ross Innes, daktari wa ukoma wa maeneo haya yote, alikuwa tayari amezunguka wilaya nyingi akipima vijiji na kuhesabu wagonjwa. Kuchaguliwa kwa mpaka wa magharibi kulikuwa na mantiki. Wateso na Wasamia wako pande zote mbili. Mstari uliowagawa ulisogezwa mwaka 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipokabidhiwa kwa himaya ya Afrika Mashariki, nayo Sio na Malaba ikawa mito ya mpaka. Mtu wa Lunyo, kusini mwa Busia ya Uganda, ana ndugu ng'ambo. Ukoma haukuomba pasi. Tororo nayo ilikuwa na makao ya utafiti wa malale wa Afrika Mashariki, kwa hiyo kwa muda ukanda huu mwembamba ulibeba taasisi mbili zilizohudumia eneo zima.

Alupe ilikuwa nyumba ya dawa na majaribio ya dawa. Mwaka 1971 Y. Otsyula, C. Ibworo na H. J. Chum walichapisha matokeo ya miaka 4 ya kutumia dapsoni kama kinga, yaani kuwapa watu ambao bado hawajaugua. Jirani yake, katika Teso ya Uganda, Brown na Stone waliwachanja watoto kwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, na mwaka 1966 wakatangaza kwamba chanjo hiyo iliwakinga kwa takribani asilimia 80. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Alupe ilibaki mikononi mwa Kenya, na KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, ilipoundwa mwaka 1979 ikawa sehemu yake, ikishughulikia ukoma na magonjwa mengine ya ngozi.

Dawa ilishinda pale mafuta yaliposhindwa, na baada ya dapsoni kuanza kuzoeleka na vijidudu, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1981 mchanganyiko wa dawa zaidi ya moja. Ushindi huo unastahili sifa zote. Hata hivyo uliacha nyuma yake watu waliopona kabisa, wasioweza kumwambukiza yeyote, ambao bado walibeba nyuso za wagonjwa. Madaktari wa kurekebisha maumbo walikuwa wachache mno. Mwaka 1957 watatu kati yao, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuitwa AMREF, ili upasuaji ufike hospitali za mbali. Mwaka 1965 kituo cha ALERT kilianza Addis Ababa kuwafundisha madaktari wa Afrika tiba na upasuaji wa ukoma. Kwa mipango ya namna hii, mkono ulitangulia mbele, kisha jicho lisilofumba, kisha mguu wenye kidonda. Nyusi zilikuja mwisho, na kwa wengi hazikufikiwa. Mpangilio huo una sababu, lakini jirani anayekutana na mtu njiani huanza na uso.

New York ilikuwa ikienda njia nyingine. Mwaka 1952 Norman Orentreich, daktari wa ngozi, alihamisha vipande vya ngozi yenye nywele kwa kijibomba, bila kujua kwamba Okuda alimtangulia. Matokeo aliyachapisha mwaka 1959. Jambo kuu katika makala yake ni kanuni: unywele hufuata tabia ya mahali ulikotoka, si ya mahali ulikopandwa. Alichukua ngozi ya kisogo akaipanda kwenye upara, nywele zikadumu. Akachukua ngozi ya upara akaipanda kisogoni, ikabaki na upara wake. Kabla yake, mwaka 1942, Mmarekani James Hamilton alikuwa ameonyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara, na kwamba wakipewa homoni ya kiume wale wenye asili ya upara katika ukoo huanza kuupata. Mashina ya utosini na mapanjani huisikia homoni hiyo, ya kisogoni hayaisikii. Orentreich alihitimisha kwamba shina la kisogo huhama na uziwi wake. Kanuni hiyo moja ndiyo iliyoifungulia mlango biashara ya dunia, nayo ni ileile ambayo wagonjwa wa Vellore waliifahamu kwa mkasi wao.

Vipande vya namna hiyo vilikuwa na aibu yake. Kila kimoja kilibeba nywele 10 hadi 20 au zaidi, na vikipangwa mstarini kichwa kilionekana kama shamba la wimbi lililopandwa kwa mashimo yaliyoachana, kishungi hapa, kishungi pale. Wanaume wengi wa miaka ya 1960 na 1970 waliishi na vichwa hivyo. Marekebisho yalikuja taratibu. Mwaka 1984 Headington alieleza kwamba nywele hazioti moja moja ovyo, bali katika vifungu vya asili vya nywele 1 hadi 4 zinazoota pamoja. Bobby Limmer wa San Antonio, Texas, alianza mwaka 1988 kukata ukanda wa ngozi ya kisogo na kuuchambua chini ya darubini kifungu kwa kifungu. Katika miaka ya 1990 Bernstein na Rassman walieneza njia hiyo. Kisha kukaja njia ya kutoa kifungu kimoja kimoja moja kwa moja kichwani kwa kijibomba kisichozidi milimita 1, iliyojaribiwa Japani na Australia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuelezwa kitabibu na Rassman na wenzake mwaka 2002. Haihitaji kushona, na haiachi kovu refu kisogoni.

Kwa nywele za Kiafrika njia hii ya mwisho ina mtego. Unywele wetu haujipindi juu ya ngozi tu. Shina lake nalo limepinda chini ya ngozi, kama mzizi uliokutana na jiwe. Kijibomba kinachoshuka wima hulikata katikati, na daktari aliyezoea nywele zilizonyooka anaweza kuharibu sehemu kubwa ya kitalu kabla ya kugundua kosa. Ndipo mabingwa hutumia vifaa vyenye umbo la kufuata upinde, au hurudi kwenye njia ya ukanda, na walio makini hujaribu vifungu vichache kwanza. Jambo la pili ni kovu. Ngozi nyeusi ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuota makovu yaliyovimba yanayozidi kidonda chenyewe, na mtu ambaye sikio lake liliota kovu kama hilo baada ya kutogwa ana sababu ya kutopasuliwa kichwa. Kwa upande wa faida, msokoto wa unywele hufunika ngozi pana, hivyo vifungu vichache hutosha pale ambapo nywele zilizonyooka zingehitaji vingi.

Upara wa wanawake wa Kiafrika una historia yake pia, na wenye kuupandikizia nywele wangefanya vema kuijua. Mwaka 1907 Trebitsch aliandika kuhusu wanawake wa Greenland waliopoteza nywele za pembeni kwa kuzifunga kwa nguvu. Karne moja baadaye, Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Cape Town walikuta upara wa namna hiyo kwa asilimia 31.7 ya wanawake waliowachunguza na asilimia 17.1 ya wasichana wa shule. Matuta ya kubana, rasta nzito na wivingi iliyoshonwa juu ya nywele zilizolegezwa kwa dawa huvuta mashina ya mapanjani na mbele mpaka yachoke. Upara huu ukitambuliwa mapema, tiba yake ni kulegeza msuko, bila kisu. Ukichelewa kutambuliwa, mashina hugeuka kovu, na hapo upandikizaji huwa na nafasi, mradi mtindo uliosababisha uachwe. Upara unaoanzia utosini na kusambaa kwa wanawake weusi, ambao mwaka 1968 ulilaumiwa kwenye kichana cha moto, ni mgumu zaidi. Una uvimbe ndani ya ngozi, na nywele zikipandwa kabla uvimbe haujatulia huliwa kama zilizotangulia.

Leo upasuaji huu hufanyika Nairobi na Kampala katika kliniki za kulipia, na wapo wanaosafiri hadi Istanbul. Mgonjwa hudungwa ganzi kichwani, hukaa macho saa nyingi, na hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Katika wiki chache za mwanzo nywele zilizopandwa hudondoka, jambo linalowatisha wasioambiwa mapema. Mashina yamelala tu. Huchipua tena baada ya miezi 3 au 4, na sura kamili huonekana karibu mwaka unapotimia. Kwa nyusi kazi ni ndogo kwa idadi lakini ngumu kwa ufundi, kwa sababu kila unywele hupaswa kulala upande wake. Wa karibu na pua huelekea juu, wa mbali huelekea sikioni, na ukipandwa wima husimama kama mwiba.

Kwa aliyepona ukoma, madaktari hushauri kupanda nyusi baada tu ya ugonjwa kutulia kabisa, maana ngozi yenye vijidudu itaua miche mipya kama ilivyoua ya zamani. Lakini nyusi bora ni zile ambazo hazikuanguka. Mtu wa Lunyo, wa Masafu, wa Alupe au wa Malaba anayeona baka jepesi kwenye ngozi lisilosikia mguso, au nyusi zinazopungua kuanzia ncha za nje, aende kituo cha afya mapema. Dawa ya ukoma hutolewa bure Kenya na Uganda, humezwa miezi 6 au 12 kulingana na aina, na mara tu mgonjwa anapoianza huacha kuambukiza wengine.